Heshima ya Moshi

Nawaapia kwa kiti hiki nilichokalia: haya ni kweli tupu, na atakayenikamata na uongo, bia ya wote humu ni juu yangu.

Jiji la Chicago lilitangaza kwa tarumbeta kwamba masizi si uchafu. Masizi ni Maendeleo yaliyosagwa. Ikaundwa Idara ya Heshima ya Moshi chini ya Mheshimiwa Diwani Mulcahy, na mkaguzi wake akawa Cornelius Tuohy, mwaminifu kuliko kengele ya kanisa. Tuohy aliipenda kazi. Kila akikohoa, aliiomba radhi dohani iliyo karibu.

Asubuhi moja, mtaa wa Wacheki, akamkuta dobi Bohumila Krejčí ametandaza mfarishi dirishani, anaucharaza fimbo. Ulijaa manyoya ya bata bukini, yaliyochambuliwa na wanawake wa mtaa majira yote ya baridi kwa ajili ya bintiye, Ludmila. Kwao, binti akiolewa bila mfarishi, watu humuuliza mama yake alifariki lini.

"Mama, unakung'uta nini?"

"Uchafu, baba. Au wewe unaona asali?"

"Hayo ni Maendeleo. Na unayapiga hadharani."

"Basi chota kidogo, ukawapelekee wanao."

Tuohy akauchukua mfarishi wote, uwe ushahidi.

"Mwanangu anaolewa Jumamosi," Bohumila akamfuata hadi ngazini.

"Sheria haina binti, mama." Usiku huo Tuohy hakula vizuri, lakini sheria alikuwa ameitekeleza.

Ijumaa Diwani alikuwa azindue dohani mpya, ndefu kuliko dhambi zake. Shati lake jeupe lilikuwa kwa Bohumila. Bohumila akalileta mwenyewe ofisini: limenyooshwa pasi likanyooka, jeusi kama sufuria ya arusi.

"Uchafu gani huu?" akauliza Mulcahy.

Tuohy, aliyekuwa mlangoni, akageuka. "Umesema nini, Mheshimiwa?"

"Nimesema shati ni chafu. Umeziba masikio?"

"Lilianikwa nje," Bohumila akasema, macho chini. "Moshi umelipitia. Mimi nani hata niyaoshe Maendeleo ya serikali?"

Tuohy akamtolea Mulcahy pingu. Hakuwa na ubaya wowote. Mtu mwaminifu hana breki.

"Wee Tuohy, nani alikupa kazi?"

"Wewe, Mheshimiwa. Ukaniambia nisimwogope mtu."

Nje bendi ikaanza. Kabla wimbo haujaisha, masizi yalikuwa uchafu tena, idara imevunjwa, mfarishi uko mgongoni kwa Bohumila, na Mulcahy anazindua dohani kwenye jua la Julai, koti limefungwa hadi kidevuni.

Nilipofika hapo katika kisa changu, Bi Bohumila, aliyekuwa kona ile na bakuli lake la supu ya kabichi, akaweka kijiko chini.

"Lilianikwa nje, nani kakwambia? Wiki ile moshi wote ulielekea ziwani. Shati nililifutia jiko."

Nikamgeukia mwenye baa, nikitafuta huruma. Mwenye baa siku hizi ni Tuohy.

"Uliapa, mzee," akasema, tayari anapanga bilauri. "Nimekusikia."

Nikatoa pochi.