Meli ya Waswidi

Jumatano, 19 Novemba 2025. Al-Malqa, Riyadh.
Mpango umeiva! Ijumaa nawaendesha madam na watoto hadi Jeddah, shule zimefungwa. Magdaline, yaya wao, anakuja. Shida ni Hillary, karani wa bandari ya Jeddah. Anampigia simu kila jioni, na Magdaline kasema atampa jibu la ndoa wakionana. Nina siku chache tu za kumgeuza moyo. Josphat, fundi simu wa mtaa wa Batha, ameniwekea kwenye simu sinema ya kale ya Waswidi: mapenzi na vichekesho ndani ya meli. Haina sauti. Maandishi ni Kiswidi. Nitatafsiri nipendavyo. Kule Kisii nilitafsiri muvi za Kichina kwenye ukumbi wa video, na Kichina sijui hata salamu.

Alhamisi, 20 Novemba.
Nimetazama nusu, nikimngoja madam saluni. Mungu wangu. Watu waliokufa kabla babu hajazaliwa, wanacheka! Binti anashikilia kofia isipeperushwe, na ule upepo ni wa miaka mia. Nilisahau hata kuwasha AC, madam akanigombeza kwamba gari ni tanuri. Haidhuru. Katika tafsiri yangu, abiria mpole ndiye mimi. Baharia mwenye masharubu ni Hillary: mwongo, ana wake watatu.

Jumamosi, 22 Novemba. Jeddah.
Madam na watoto walikuwa dukani, mimi na Magdaline garini, tukitazama sinema. Nilitafsiri vizuri mpaka mwisho, ambao sikuwa nimeutazama. Binti akamkimbilia baharia. Nikasema anamuaga tu. Wakabusiana. Nikasema anamuaga sana. Kazi bure, Magdaline hakuwa ananisikiliza. Alikuwa analia. Alisema yeye ni wa Kitale, alivuka bahari usiku kwa ndege, hakuiona. Hakujua ni kubwa hivyo. Akataka kuona meli ya kweli. Akampigia Hillary papo hapo, kwa simu yangu.

Jumapili, 23 Novemba.
Madam kampa saa moja, na dereva ni nani? Mimi! Hillary alitungoja ufukweni, karibu na bandari. Masharubu hana. Alinishukuru kwa kumleta salama, jambo lililoniudhi. Kisha meli ikapita. Ndefu kuliko mtaa wetu mzima, makontena juu yake ghorofa kwa ghorofa, na inaelea! Nilimuuliza Hillary imetoka wapi, inabeba nini, inageukaje. Alijibu yote kwa upole. Nilipogeuka kumtazama Magdaline, walikuwa wameshikana mikono. Amekubali. Moyo umeniuma sana, na bado naiwaza ile meli.

Jumapili, 30 Novemba. Riyadh.
Nimetafakari na kosa nimeliona: ni bahari. Huwezi kushindana na mtu wa bandari kwa meli. Halas, yaani basi, nimejirekebisha. Amekuja mpishi mpya, Emmaculate, mrembo ajabu. Ana mchumba, fundi wa ndege uwanjani hapa Riyadh. Leo nimerudi Batha. Josphat kanipatia sinema nyingine ya kale, bila sauti, mapenzi ndani ya ndege. Kesho naanza kutafsiri. Mwisho wake nitautazama tukiufikia.