Upole, Kiasi

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwanangu anapanda madhabahuni! Salamu baadaye, daftari. Kitinda mimba wangu, yule anayeuza dawa katika duka la kona, kachaguliwa na Mchungaji kusema mbele ya kanisa zima. Mchungaji anaita tafakari, dakika tano. Mimi naita mahubiri. Mtu akishasimama pale mbele na kipaza sauti mkononi, hayo mengine ni majina tu.

Mpango ni huu. Vijana tisa, siku tisa, matunda tisa ya Roho, kila kijana na tunda lake. Kuanzia Jumamosi hii, kila alfajiri waumini wote watapokea sauti kwenye simu zao: leo mmoja anazungumza juu ya upendo, kesho mwingine juu ya furaha, hivyo hivyo. Wa tisa peke yake ndiye atakayesoma ana kwa ana ibadani, Jumapili ya tarehe 16, mbele ya Askofu mgeni. Wa tisa ni wangu. Wamebakiza kitamu mwisho.

Nimewaambia wote. Kule ofisini ninakopika chai nimemwambia mkurugenzi, tena akiwa katikati ya kikao. Kikao kizima kikanipongeza. Mmoja akauliza sukari iko wapi.

Jioni nikamuuliza mwanangu kapewa tunda gani. Akasema kiasi. Nikamwambia najua ni kiasi, mtu mmoja hawezi kupewa yote, lakini kiasi cha nini? Akasema kiasi tu, mama.

Nikaifungua orodha mwenyewe. Niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua. Mwishoni kabisa imeandikwa: upole, kiasi. Yaani upole, lakini usizidi. Mtu mwenye akili zake anaelewa. Matunda ni manane. Mwanangu kapewa mkia wa sentensi.

Na upendo kapewa nani? Binti wa Kinanda.

Kinanda ni jirani yetu, mke wa mzee wa kanisa. Jina hilo nalitumia humu tu. Ukimgusa mahali popote anatoa sauti, na wimbo ni ule ule: binti yake. Sijui watu wa namna hiyo hawachoki.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemwendea Mchungaji. Alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi dirisha la kanisa. Nikamwambia sikuja kulalamika. Nikalalamika. Nikamweleza kwa adabu kwamba orodha ina kasoro, kwamba kiasi si tunda, ni kipimo cha tunda lililotangulia. Alicheka mpaka nikaishika ngazi.

Akashuka. Akasema, mama, kiasi ni kujizuia. Ni mtu kujua pa kukomea, asipitilize hata katika jambo jema. Ni tunda gumu kuliko yote, ndiyo maana nimempa binti yako.

Nikamshukuru. Njiani nikawaza. Tunda la kujizuia? Nani aliwahi kumwona mtu anakula embe kwa kujizuia? Huyu kakosea kugawa, sasa anatafuta pa kushikia.

Nikapitia kwa Kinanda. Alikuwa anaanika nguo. Nikamwambia, shoga yangu, wasichana wetu wamekua pamoja, siku zibaki zilivyo lakini tubadilishane maneno, wangu achukue upendo, wako achukue hicho kiasi. Akabana shati, akabana soksi, akabana soksi ya pili. Kisha akasema, kila mtu na fungu lake, jirani. Wengine upendo, wengine kiasi.

Nimekunywa maji vikombe viwili. Neno halijashuka.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sauti ya binti wa Kinanda imeingia kwenye simu alfajiri. Nimeisikiliza mara nne nitafute kosa. Nimelipata: anapumua.

Kinanda alikuja asubuhi kuazima ungo ambao anao. Alisimama tu mlangoni akisubiri sifa. Nikamwambia binti yake kasema vizuri, kiasi. Akashukuru, akaenda zake. Alipofika getini akasimama kidogo. Nadhani ndipo lilipomfikia.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeiona karatasi ya mwanangu. Nusu ukurasa! Mbele ya Askofu, nusu ukurasa. Nikajua ni kuona haya, mtoto huyu tangu utotoni hujiona mdogo. Basi nikakaa mezani nikamsaidia. Nikaongeza kwamba alizaliwa na kilo nne. Kwamba alitembea akiwa na miezi tisa, wakati watoto wa majirani, sitaji nani, walikuwa bado wanaburuta makalio sakafuni. Kwamba dukani wateja huuliza kwanza kama yupo yeye, akiwa hayupo huondoka na homa zao. Kurasa tatu na nusu. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Mwanangu aliporudi kazini akasoma akiwa amesimama. Hakupandisha sauti. Huyu akikasirika hupunguza sauti, baba yake ndivyo alivyo. Akasema, mama, hii ni mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniomba niseme neno. Ukiongeza hata nukta moja, narudisha nafasi kwa Mchungaji.

Baba yake ni fundi viatu na wakati wote ana misumari mdomoni. Leo aliitoa yote, akaipanga mezani, akasema, mke wangu, mwache mtoto. Akairudisha. Maneno ya mwaka mzima hayo.

Nimeahidi. Nukta moja sitaongeza kwenye karatasi yake.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Tafakari ya leo ilikuwa uvumilivu. Imesema tungoje, mambo mema hayaharakishwi. Nimeipenda sana. Saa tatu nikawa nimefika kwa katibu wa kanisa.

Katibu ndiye anayepiga chapa ratiba ya ibada, nakala mia mbili, na humo tafakari zote tisa zimeorodheshwa. Ni mama mtu mzima, miwani yake huivaa kichwani na kuitafuta mezani. Nilimpelekea chai. Nikamwambia Mchungaji ameona kosa mwishoni mwa orodha, palipoandikwa kiasi. Hilo si uongo. Kosa tumeliona wawili, yeye hajalikubali tu. Akauliza, sasa niweke nini? Mimi kusema kweli sikuwa nimejiandaa. Nikafikiri haraka. Kama imeandikwa upole kiasi, na kiasi hakitoshi, basi nikamwambia aweke: UPOLE SANA.

Akaandika. Mashine ikapiga mia mbili.

Karatasi ya mwanangu sijaigusa. Ahadi ni ahadi.

Jioni nikaalika watu. Dada yangu mkubwa na wanawe, kaka yangu, wenzangu wa ofisini, mlinzi wa getini. Kumi na wanne kwa sasa. Wote nimewaahidi benchi la mbele.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi maana mkono hautaki.

Upole, tunda la nane, kapewa msusi wa mtaa huu. Mchungaji ana mizaha yake, maana msusi huyo mwaka jana alimfukuza mteja nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa. Leo mchana alikuwa anamsuka katibu, ratiba ikamponyoka katibu mapajani. Msusi akasoma: nane, Upole. Tisa, Upole Sana.

Alikuja hapa na kitana mkononi. Akasimama uani akauliza nani huyo aliyemzidi upole. Akasema amejizuia wiki nzima, hajamtukana mtu tangu Jumatatu, kumbe mwenzake kaandikiwa SANA na yeye kaachwa hivi hivi. Akasema atamtoa meno huyo mwenye upole sana. Kinanda alikuwa juu ya kigoda upande wa pili wa ukuta, nilikiona kichwa chake.

Mwanangu alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya jioni. Akaichukua ratiba, akaisoma, akanitazama. Hakuuliza. Akaenda kwa Mchungaji akarudisha nafasi.

Mchungaji akasema haidhuru, binti wa Kinanda atasoma badala yake.

Baba watoto hajatoa msumari hata mmoja.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Tafakari ya leo ilikuwa uaminifu. Niliizima katikati.

Nyumbani mwanangu hunisalimu, hunipakulia, hunipa maji ya kunawa, na ni hayo tu. Adabu kama hiyo ni bora upigwe. Nikaona nimfuate kule ambako hawezi kunikimbia. Nikapanga foleni dukani kwake. Mbele yangu mzee wa kikohozi, mbele yake mwanamke na mtoto mgongoni.

Nilimtazama anavyofanya kazi. Sikuwahi kumtazama, nilikuwa namsifu tu. Mzee akaomba aongezewe chupa ya pili apone haraka. Mwanangu akamwambia, babu, kijiko kimoja kinakuponya, chupa nzima itakulaza. Akamwonyesha mstari kwenye kijiko kwa kucha. Akamwambia arudie. Mzee akarudia kama mtoto wa shule.

Zamu yangu ikafika. Akaniuliza, mama, unaumwa nini? Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Nikasema nimemwibia nafasi yake kwa kumpenda na sijui pa kuirudishia. Nikalia, foleni ikasogea nyuma hatua moja, labda walidhani inaambukiza.

Akafuta kaunta iliyokuwa safi. Kisha akasema atamwomba Mchungaji amrudishie, kwa masharti matatu. Niende mwenyewe nikasahihishe nakala zote mia mbili. Nisikae benchi la mbele. Na atakapokuwa anasoma, nisitoe sauti yoyote: si amina, si kigelegele, si kumwambia mtu wa pembeni huyo ni wangu.

Nikauliza, hata kwa kunong'ona? Akasema, mama. Nikasema nimekubali.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mchungaji kakubali. Binti wa Kinanda alikubali kabla hajamaliza kuombwa, akasema yeye mbele ya Askofu angezimia. Msichana mwema sana yule. Sijui kamrithi nani.

Nimekaa ofisini kwa katibu tangu saa mbili. Nakala mia mbili. Kata UPOLE SANA, andika kiasi. Kufika ya thelathini vidole vimekufa ganzi. Kufika ya mia nikaanza kulizoea neno lenyewe. Kuanzia hapo nimeliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili chini. Hakuna aliyenikataza ukubwa.

Msusi kanisamehe. Sauti yake ya upole imetoka leo alfajiri. Imetisha, lakini imeeleweka.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nimekaa benchi la sita, kumi na wanne wangu wamenizunguka. Kaka yangu kanuna, alivaa koti kwa ajili ya benchi la mbele.

Mwanangu akapanda. Nikaona karatasi inapepea. Nikauma leso. Akaanza kwa sauti ndogo, na kanisa likajikuta linanyamaza ili limsikie. Mia mbili na zaidi, hata watoto.

Akasema kazi yake ni kupima. Akasema wanaozidisha dawa si wabaya. Ni wenye upendo. Mama akimwona mtoto anaumwa hutaka kumpa chupa nzima, na ndipo mtu wa dukani hulazimika kumshika mkono. Akasema wema nao una mstari kwenye kijiko. Akasema yuko mwanamke mmoja anayempenda kuliko mtu yeyote duniani, naye hupima kila kitu kwa ndoo. Ndoo hiyo ilimlea, akasema, ilimsomesha, na siku nyingine ilikaribia kumzamisha, ila asingetaka kukua pembeni ya kijiko.

Watu wakageuka. Na mimi nikageuka nyuma nimwone ni nani huyo. Nyuma yangu palikuwa na nguzo.

Nililia kimya. Leso nimeitoboa. Mume wangu, ambaye leo hakuwa na misumari, alinishika kiganja mpaka mwisho. Dakika tano nzima, sikutoa sauti. Nusu ukurasa ilitosha. Nakiri. Askofu alisimama kumpa mkono, na mwanangu alipokuwa anashuka alinitafuta kwa macho, akanikuta, akacheka.

Nimeelewa, daftari. Sasa nimeelewa kabisa.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Ofisini nimewaeleza wote kwamba yule mwanamke wa ndoo ni mimi. Hata wale waliokuwepo nimewaeleza. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, nikamsubiri.

Nimefanya hesabu yangu. Katika mahubiri yale mwanangu hakumtaja baba yake, hakumtaja Mchungaji, hakumtaja hata Askofu aliyetoka mbali. Kanitaja mimi. Na wakati wa kusoma, Kinanda alikohoa mara mbili, msusi alisema amina, kaka yangu alifungua pipi. Mimi hata mate sikumeza. Kanisa zima hakuna aliyenifikia kwa kujizuia. Jambo zuri namna hii si haki likae kimya.

Kwa hiyo naandaa shukrani ndogo. Mwanangu ameomba yaishie pale kanisani, yasifanywe makubwa. Nimemwelewa, ndiyo maana nimeona asijue mpaka siku yenyewe. Mchungaji nimemwomba mabenchi, hajajibu, nimeshatuma watu wakayachukue. Msusi ataongoza ratiba, ana sauti. Kinanda atapika, na binti yake atarudia upendo. Mwanangu atasoma tena, safari hii zile kurasa tatu na nusu, nilizihifadhi.

Walioalikwa ni mia na ishirini, na kila mmoja nimemwambia aje na mwenzake. Msiseme hamkuambiwa. Ni Jumamosi, tarehe 22, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mama wa mhubiri.