Kijitabu cha Mazishi ya Birago

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tano Birago yumo mochwari. Mazishi Jumamosi. Mke wangu, lakini maiti ni ya ukoo wake. Ndivyo tulivyo sisi Waakan wa Ghana, na safari hii mila hiyo imenikaa kooni. Kaka yake, Ampofo, kaamua kila kitu: maturubai, wapiga ngoma, hata kitambaa nitakachovaa. Kazi yangu ni kuleta jeneza na kunyamaza.

Kunyamaza! Mimi niliyesahihisha Kiingereza cha gazeti hadi nikastaafu! Nikamwambia kijitabu cha mazishi nakitengeneza mimi. Akacheka. Akasema haya shemeji, chukua, ila usituchoshe na makoma yako. Ushindi!

Jumanne, 4 Machi
Salamu za mwisho za kuchapwa kijitabuni zimefika, zote kwa Kiingereza. Za kanisa, mbovu. Za wauza ndizi wenzake wa sokoni, ukurasa mzima bila nukta; msomaji angezimia. Nimezinyoosha zote.

Za Dufie, binti yetu wa pekee, zimenitoa jasho. Eti mama yake alikuwa akiniandikia ujumbe kwenye simu, namrudishia umesahihishwa, mpaka akaacha kuniandikia. Eti siku alipozidiwa sokoni alimwandikia Ampofo, si mimi, kwa kuogopa kukosea. Sentensi ndefu mno! Nimezifuta. Badala yake nimeweka: Alikuwa mama mwema. Safi.

Nililia kidogo. Kisha nikaendelea na ukurasa wa nyimbo.

Jumatano, 5 Machi
Dufie anataka kukisoma kabla hakijachapwa. Nikamwambia asubiri. Uongo mtupu, kiko kwa mchapaji tangu asubuhi, maana kesho ni Sikukuu ya Uhuru na duka litafungwa. Akauliza kama maneno yake yamo. Nikamwambia nimeyapamba tu.

Akanitazama sana. Akasema yuko tayari kubaki nami hapa Sunyani, asiende Kumasi kwa mjomba wake, lakini anataka kwanza mama yake asemwe kwa ukweli mbele za watu. Nilifurahi kupita kiasi. Nyumba hii bila Birago inanitisha. Natembea vyumbani kama mgeni.

Jumamosi, 8 Machi
Kijitabu kimependeza! Ampofo alikipekua chote, akanuna, hakupata pa kunishika.

Kisha Dufie akasimama. Akakifungua, akasoma mstari mmoja, akakifunga. Yaliyobaki akayasema kwa Kitwi, lugha yetu ya nyumbani, bila karatasi: simu, soko, woga wa mama yake. Watu waliokuwa wakifuatilia kijitabuni wakainua vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia. Muuza ndizi mmoja akapaza sauti: “We mzee wa koma! Mwenzio anakufa, wewe unatafuta nukta?”

Aibu iliniwaka mpaka masikioni. Kwenye karatasi hayakuuma hivi. Hata hivyo, kijitabuni hakukuwa na kosa hata moja.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada ya shukrani, Dufie akafunga mizigo. Ampofo alikuja na gari, wala hakuteremka. Nilimsihi mwanangu abaki. Nilimshika mkono, jambo ambalo sina mazoea nalo. Akasema Baba, nitakupigia, usinifundishe kitu, nisikilize tu. Nikaapa kwa kaburi la Birago. Sasa niko peke yangu na masanduku mawili ya vijitabu vilivyobaki.

Jumatano, 12 Machi
Kapiga! Moyo ulinidunda kama wa kijana. Alikuwa kazini, akaongea Kiingereza wenzake wakimsikia. Alikuwa analia. Kamwota mama yake, kaamka akimwita. Akaniuliza kama nami namwota.

Katikati ya kilio akakosea neno moja. Dogo. Nikanyamaza. Nikameza mate. Nikanyamaza tena. Kisha nikamrekebisha, kwa upole kabisa, baba mzazi anavyopaswa.

Simu ikakatika. Nimepiga tena na tena, haipatikani.

Mtandao wa Kumasi ni aibu kwa taifa. Nimeandikia kampuni ya simu malalamiko makali, kwa Kiingereza kisicho na doa.