Halaiki kwa Harusi ya Dada

Jumatano, 3 Agosti 1910
Dada Hidaya anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo na Salehe wa Mkuyuni. Ndoa yake ya kwanza iliangukia mwaka wa njaa, haikupigwa hata ngoma moja. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ameomba kitu kimoja tu: watu wengi na ngoma. Ngoma Morogoro mjini haipigwi bila ruhusa ya boma. Barua nimeandika mimi. "Watu wengi" nimeona ni maneno ya kitoto. Nimeweka "halaiki". Limekaa vizuri sana.

Ijumaa, 5 Agosti
Tumenyimwa. Severini, karani wa boma, tulisoma pamoja. Hanipendi tangu hapo. Amemfasiria Bwana Mkubwa wa Kijerumani kwamba halaiki ni watu wasiohesabika, wasio na mkubwa wao, wavunja nyua. Nikabisha: marehemu baba, aliyejua Kiarabu, alisema ni viumbe wa Mungu tu. Severini akajibu kwamba hata waliopigana na serikali vita vya juzi walikuwa viumbe wa Mungu.

Jumatatu, 8 Agosti
Barua ya pili. Nimeandika "watu wachache mno". Werevu mtupu. Ruhusa imetoka papo hapo: watu kumi, na askari wa kuwahesabu mlangoni.
Dada hakunigombeza. Alikuwa anapepeta mchele wa watu mia. Akasema, "Pazi, mdogo wangu, mimi sikutaka neno. Nilitaka watu."

Ijumaa, 12 Agosti
Asubuhi nimemwendea Severini, nikakiri kwamba lile neno niliandika ili ajue namzidi. Akanitazama sana. Akafuta "watu kumi" kwenye ruhusa, akaandika "jamaa wa bibi harusi", akaipeleka kutiwa sahihi.
Jamaa zetu wakashuka kutoka milimani, wakaja na wa Mkuyuni, ngoma mbele. Askari alimuuliza kila mmoja ana undugu gani na bibi harusi. Shangazi, binamu, wifi. Kufika alasiri, askari mwenyewe alikuwa mjomba, anakula pilau. Dada alicheza mpaka kilemba kikamtoka. Akanitafuta katikati ya watu, akanishika mkono.

Jumapili, 14 Agosti
Jirani Maneno amekuja. Nyani wamemmalizia mihogo, anaomba msaada wa boma. Alitaka niandike "nyani wengi". Nimemwonea huruma, barua ya namna hiyo nani ataisoma? Nimeandika: "Jeshi kubwa limeshuka kutoka milimani."
Imeshapelekwa.