Mzee Gunia wa Kukodi

Zedekiah hakuwahi kuingia mahali alipouza tikiti. Huo ulikuwa msimamo wake, na tusimhukumu haraka, kwani hata mwuza nyama halazimiki kuwa ng'ombe kwanza. Kazi yake ilikuwa nje, kwenye foleni, ndani ya suti ya kijivu ya sufu aliyoipata Lavington siku alipojitambulisha kwa mpishi wa Mzungu mmoja kuwa dobi mpya. Mzungu alirudi kwao bila suti. Zedekiah aliingia mjini nayo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita "wee" tena. Walimwita "bwana". Bila suti alikuwa kijana wa Kakamega mwenye maneno mengi. Ndani ya suti alikuwa kampuni.

Jumamosi moja, miaka ile jiji lilipokuwa bado linajizoesha kuwa jiji, foleni ilizunguka ukumbi mmoja katikati ya mji kama nyoka aliyemeza mbuzi. Mzee Gunia, mchekeshaji wa redio, alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, *Gunia Tupu Limesimama*, na sasa alizunguka nacho ukumbi kwa ukumbi, akikaa jukwaani na kuulizwa maswali mbele ya wapenzi wake. Kila Jumapili jioni nchi ilinyamaza kumsikiliza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukoroma, kama ya mtu aliyemeza ngoma akasahau kuitoa. Uso wake haukujulikana na wengi. Jalada la kitabu lilichorwa mwanamume mnene mwenye mashavu kama maandazi, na watu wakaridhika kwamba ndiye.

Milango ilipofungwa, nje likabaki kundi la akina mama waliovaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja.

"Tumetoka Kinoo alfajiri," alilalamika aliyekuwa mbele, mama mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. "Ati kumejaa! Kumejaa na nani, na sisi tuko hapa?"

Zedekiah alivua kofia. Alikuwa na namna ya kuivua iliyomfanya mtu aanze kutafuta pochi.

"Mama, nimesikitika. Na mimi ndiye meneja wa Mzee Gunia."

"Wewe?"

"Hii suti, mama, unafikiri nimevaa kwa sababu ya baridi?"

Mama huyo aliitwa Virginia, naye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mabati. Akina mama wa kikundi walichanga kila wiki, wakaezeka nyumba ya mmoja wao kwa mabati, kisha wakaanza kumchangia mwingine. Zamu ilikuwa imemfikia Waceke, mjane mdogo wa mwili aliyesimama nyuma yao. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza kiasi kwamba mvua ilimlowesha akiwa ndani kuliko akiwa nje. Pesa za mabati yake zilikuwa tayari, na masika yalikuwa yanakaribia. Virginia alieleza haya yote kwa fahari ya haki, na Zedekiah akasikia neno moja tu: tayari.

"Mzee anaweza kuja kwenu," alisema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino. "Mnapanga viti, mnaita watu, kila mtu analipa kiingilio. Badala ya mabati ya nyumba moja mnapata ya nyumba mbili. Lakini Mzee hulipwa kwanza. Ndivyo wasanii walivyo. Ukiwalipa baadaye, sauti inakauka."

"Na asipokuja?" aliuliza Waceke.

"Dada yangu, nisipomleta Mzee Gunia mwenyewe, mchukue hii suti mbele ya watu wote."

Kauli hiyo ilimpendeza kila mmoja, hasa aliyeitoa. Na kwa kuwa hakupenda kuachana na mtu kabla ya kumwuzia kitu, Zedekiah alitoa kwapani kile kitabu cha Mzee na kuwauzia kwa bei iliyomshangaza hata yeye. Mwenyewe hakuwa amekisoma. Mwuza dawa ya minyoo hainywi.

Kumpata Mzee Gunia hakukuwa kazi. Karibu na stesheni ya reli alikaa Kivuva, mchoma mahindi, mnene wa kuridhisha, ambaye aliigiza ile sauti ya redio kwa wateja wake bila malipo.

"Utanipa nini?" aliuliza Kivuva.

"Utakula Kinoo. Wale mama hawapiki kidogo."

"Nimekubali. Ningekubali hata kwa viazi peke yake."

Kilichomtatiza Zedekiah ni kwamba Kivuva, akiachwa azungumze peke yake, alirudi kwenye habari za mahindi. Alihitajika mtu wa kumwuliza maswali, kama ilivyofanywa ukumbini. Jioni hiyo, katika hoteli ya chai nyuma ya River Road, Zedekiah alimwona mwanamume mwembamba amekaa peke yake. Alikuwa amevaa miwani na kufunga tai, akila andazi kwa upole kana kwamba anaogopa kuliumiza. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, kikabaki nje ya kikombe kama mpini.

"Ndugu, unakaa kama mwalimu," Zedekiah alisema, akiketi bila kukaribishwa. "Unaweza kuuliza watu maswali?"

"Siku hizi nimezoea kuulizwa," yule mtu alijibu kwa sauti ndogo. "Naitwa Nashon."

"Mzee Gunia unamjua?"

"Tumekua pamoja."

Zedekiah alicheka. Alimheshimu mtu anayeongopa bila kupepesa macho. "Na kitabu chake?"

"Nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda."

"Basi wewe ndiye! Kazi ni rahisi, sikiza. Niko na mtu mnene. Jumamosi ijayo huyo ndiye Mzee Gunia. Unamwuliza maswali mepesi, wamama wanacheka, sisi tunaenda zetu."

Nashon aliweka kikombe chini. Alimtazama Zedekiah kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama viatu dukani akijua hatavinunua.

"Na mwenyewe akisikia?"

"Yule? Mtu mkubwa hivyo afuate nini Kinoo?"

"Ni kweli," alisema Nashon. "Hakuna aliyemwalika. Sawa, nitakuja. Ningependa sana kumwona."

Jumamosi iliyofuata uwanja wa kanisa la Kinoo ulijaa hadi kwenye ua. Viti vilitolewa kanisani, watoto walipanda juu ya ukuta, na mzee wa kanisa aitwaye Jamleck, mwenye nyumba za kupangisha na uso wa kudai kodi, aliketi mbele kabisa akishika fimbo. Teksi ilipoingia, Virginia alimpa Zedekiah bahasha ya pesa za mabati papo hapo, kama walivyopatana. Zedekiah aliitia katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Virginia alimsalimia Kivuva kwa mikono miwili. Kisha akamsalimia Nashon, na mkono huo hakuuachilia mara moja. Alikitazama kile kidole kilichopinda, akamtazama usoni.

"Karibu sana, mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla. "Karibu mno."

"Asante, mama. Nimealikwa tu kuuliza maswali."

"Uliza," alisema Virginia. "Uliza yote."

Kivuva alipopanda jukwaani, umati uliangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Waceke alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Hata Mzee Jamleck, ambaye mara ya mwisho kucheka ilikuwa kabla ya Uhuru, alipiga fimbo chini. Zedekiah, akiwa pembeni mwa jukwaa, alijipongeza. Hajasema neno na tayari wanakufa! Alianza kufikiria Limuru, Kikuyu, pengine hata Nakuru.

"Mzee Gunia," Nashon alianza, "ulizaliwa wapi?"

Kivuva alimtazama Zedekiah. Zedekiah alitazama mawingu.

"Nyumbani," Kivuva alikoroma. "Mama hakutaka kuniacha barabarani."

Vicheko. Kivuva hakuwahi kuchekewa na watu wengi kiasi hicho, na jambo fulani lilianza kumpanda kichwani kama pombe ya muratina.

"Katika kitabu chako," Nashon aliendelea kwa sauti yake ya upole, "umeeleza jinsi paa la mama yako lilivyovuja, mkahamisha kitanda usiku kucha kutoka kona hadi kona. Ukaapa kwamba ukiwa mtu, hutatoka mahali penye mjane anayevujiwa bila kumwezekea. Uliapa, ama hukuapa?"

"Niliapa!"

"Na leo ungali na kiapo hicho?"

"Kiapo ni kiapo!" alinguruma Kivuva, na makofi yalipolipuka aliinuka, akanyoosha mikono kama askofu. "Mjane yuko wapi? Mleteni hapa!"

Waceke alipanda jukwaani. Papo hapo Virginia alitokea na karai jipya, akalitua mezani, akapaza sauti: "Harambee!"

"Hee!" uwanja ulijibu.

Ni lazima ieleweke kwamba kwa desturi ya nchi hiyo mgeni wa heshima haji kuchukua. Huja kutoa, yeye na marafiki zake, tena wa kwanza, tena mbele ya macho ya watu. Zedekiah aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Kwa bahati mbaya, hakuwahi kuwa mgeni wa heshima mahali popote.

"Mzee atoe na marafiki zake!" alisema Virginia.

"Pesa zangu zote anashika meneja," Kivuva alitangaza kwa ukarimu wa mtu asiye na chake. "Meneja! Leta ile bahasha!"

Zedekiah alitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba kanisani. Umati wote uligeuka kumtazama. Alipanda jukwaani, akachomoa bahasha upande wa moyo, akaitia karaini. Ilikuwa bado imefungwa. Waceke aliitazama ilivyorudi, akafumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

"Bado," alisema Nashon. "Mzee, si umeandika pia kwamba hushindwi kuku akinadiwa kwa ajili ya maskini?"

"Sishindwi!" alisema Kivuva, ambaye alisikia neno kuku.

Kuku mwekundu aliletwa. Mzee Jamleck alitaja bei, Kivuva akaipandisha, Jamleck akaipandisha, Kivuva akaipandisha tena, kila mara akimwelekeza meneja kwa kidole. Zedekiah alitoa pesa za teksi, akatoa pesa za chumba, akatoa sarafu alizokuwa ameficha ndani ya soksi. Kuku alikuwa wake.

"Na zaidi ya hapo," Kivuva alipiga kelele, machozi ya utukufu yakimtoka, "mabati yakifika, meneja wangu ndiye atakayeyabeba kwa kichwa kutoka mjini!"

Hapo Zedekiah alivunjika.

"Uongo!" alifoka, kuku akiwa kwapani. "Watu wa Kinoo, mmedanganywa! Huyu si Mzee Gunia! Huyu ni mchoma mahindi!"

"Tunajua!" uwanja ukajibu kwa pamoja.

Virginia alichomoa kitabu ndani ya kikapu. "Kijana, hiki si wewe ulituuzia? Tumekisoma kila jioni. Sikiza basi ukurasa wa kwanza." Akasoma, akifuata mstari kwa kidole: "'Wanaonisikia redioni huniona mnene. Mimi ni mwembamba kama fito, na kidole changu kidogo kilipindwa na mlango wa lori.' Wewe hukufika ukurasa wa kwanza?"

Zedekiah aligeuka polepole kumtazama Nashon. Nashon alikuwa akisafisha miwani.

"Lakini kabla ya hayo," alisema Virginia, "umesema mbele ya watu wote kwamba hukumleta Mzee Gunia. Ulituahidi nini?"

"Suti!" alisema Waceke. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kusikika hadi nyuma.

Koti lilivuliwa, na hapo ikajulikana kwamba shati la kampuni lilikuwa na kola na kifua tu; mgongo haukuwamo. Suruali aliachiwa, kwa sababu Mzee Jamleck alikuwa mzee wa kanisa na kulikuwa na watoto juu ya ukuta. Koti Jamleck alilinunua mwenyewe, akalipia karaini, akalivaa pale pale. Lilimkaa vizuri.

Ndipo Nashon alipovaa miwani, akavuta pumzi, na kutoka katika kifua kile chembamba ikatoka ngoma:

"HABARI ZENU, WATU WA KINOO!"

Viti viliangushwa. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

"Ngojeni!" alilia Zedekiah. "Ngojeni basi! Kumbe nimemleta! Ndiye huyu, mwenyewe, nimemleta mimi! Nirudishieni koti!"

"Umemleta?" Virginia alimtazama kwa huruma ya kweli. "Si wewe umesema hukumleta? Tukuamini saa ngapi, kijana?"

Waceke alikaa kwenye kiti cha mwuliza maswali, na mahojiano halisi yakaanza. Kivuva alibaki kula, na kabla ya jua kushuka Mzee Gunia alikuwa amemwajiri. Alisema jukwaani kumekosekana tumbo siku nyingi.

Zedekiah alishuka kwa miguu barabara ya Nakuru kuelekea mjini, upepo ukimpiga mgongoni, kuku kwapani. Karibu na Kangemi mama mmoja mwuza ndizi alimsimamisha.

"Wee! Hiyo kuku unauza?"

Neno "wee" lilimchoma kidogo. Lakini mazoea ni mazoea. Alinyoosha kola yake.

"Mama, hii si kuku ya kawaida. Imetoka mkononi mwa Mzee Gunia wa redio. Mimi mwenyewe nimekaa naye, nimekunywa naye chai."

Macho ya mama yaling'aa. Mkono uliingia kifuani kutafuta kitambaa cha pesa. "Haki ya Mungu? Na akoje, yule mzee?"

Zedekiah alifungua mdomo, na kwa uchovu tu, bila kukusudia mabaya, akasema kweli.

"Mwembamba. Mpole. Sauti ndogo, tena anafunga tai."

Mkono wa mama ulitoka kifuani mtupu.

"Mwembamba? Mzee Gunia?" Alitema mate pembeni, akakigeukia kikapu chake. "Toka hapa, mwongo wewe. Na hiyo kuku umeiba."