Mlinzi wa Tovuti ya Bi Verna

Desmond Crale alikuwa na kofia mpya ya mchunga ng'ombe, ulimi wa asali, na haya hana hata chembe. Katoka Boston juzi tu, leo anajiita mtaalamu wa kuzuia wadukuzi, na San Antonio nzima ya Texas anaiona sufuria isiyo na mfuniko. Sikio lake likanasa jina la Bi Verna Tidwell, mjane ambaye chili yake, nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwa pilipili, ilishinda mashindano ya mji hadi wapinzani wakachoka kumchukia. Bi Verna alikuwa na tovuti yake mwenyewe, na ukurasa mmoja ulifungwa kwa neno la siri. Watu walisema mapishi yamo humo.

Desmond akapiga hodi siku hiyohiyo.

"Mama, wadukuzi wanainyemelea tovuti yako. Wakiingia, umekwisha."

"Yesu wangu! Nifanyeje, mwanangu?"

"Nipe neno la siri nikuwekee ulinzi. Bure kabisa, kwa heshima ya mvi zako."

Bure! Tapeli akikupa cha bure, hesabu vidole vyako. Lakini Bi Verna alimtajia neno lenyewe, akamkatia na pai ya pichi juu.

Kufika hotelini, Desmond akaufungua ukurasa, mate yanamdondoka. Nyama, pilipili, bizari, vitunguu saumu, maharage mekundu. Akajiandikisha mashindanoni, na siku ilipofika akamwendea Bi Verna mbele ya umati, kifua mbele.

"Mama, pikapu yangu kwa pikapu yako. Atakayeshindwa akabidhi ufunguo."

"Yako mpya kabisa, mwanangu. Roho haitakuuma?"

"Sema tu unaogopa!"

"Haya basi. Jamani, mmesikia wote?"

Mwamuzi alizamisha kijiko kwenye sufuria ya Desmond, akakiinua, akakitazama.

"Kijana, hivi ni vitu gani?"

"Maharage."

Texas hiyo! Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Huku hata mtoto wa chekechea anajua chili haitiwi maharage, na mashindanoni punje moja inakutoa nje. Desmond, msomaji hodari wa siri za wenzake, hakusoma kanuni zilizobandikwa langoni.

"Umenitapeli!" akamfokea Bi Verna. "Yale mapishi ya ukurasani ni ya uongo!"

"Umeyaonea wapi, mwanangu? Si ulikuwa unalinda mlango?"

Umati wote ukamgeukia Desmond. Akatoa ufunguo.

Bi Verna aliendesha pikapu mpya hadi nyumbani, akaiegesha uani, kando ya ile ya mlinzi wa mwaka jana na ya yule wa mwaka juzi. Kisha akaingia ndani kubadilisha neno la siri.