Njahi za Karambu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Jongo limenishika kiungo cha kidole cha mguu, nimemeza kidonge chake, sikutoka. Nikasikiliza redio: mtaalamu wa kilimo. Kumbe mbegu hupigwa mionzi au hulowekwa kemikali, zikabadilika kutoka ndani! Kati ya maelfu hupatikana moja bora, nyingine hufa. Maelfu ni ya serikali. Mimi nina kibuyu kimoja cha njahi, kunde zetu nyeusi.

Ni cha marehemu mke wangu, Karambu. Kinaning'inia juu ya meko tangu tumzike Aprili, mbegu zimo ndani ya majivu. Kwetu mwanamume hafungui kibuyu cha mbegu. Mama humwachia binti. Kinya wetu, aliyeolewa Runyenjes, atakuja kukichukua kabla ya mvua kukolea.

Karambu alilalamika miaka yote kwamba njahi zake huchelewa kuiva. Nitamtengenezea za kuiva upesi. Jina: Karambu Namba Moja. Litatajwa sokoni mpaka Embu. Jirani yangu Ndwiga ameipa miche yake ya parachichi jina lake mwenyewe, na hata hajafa.

Jumatano, 9 Oktoba
Mionzi iko hospitalini, Nkubu. Nilichomoa njahi chache kibuyuni, nikazijaza shavuni, nikaenda kulalamikia jino. Uvimbe wa kupendeza. Tatizo likawa kuulizwa jina. Nilijibu kwa kichwa.

Cicily wa eksirei aliitazama picha kwa muda mrefu. "Mzee Mithika," akasema, "toa hizo beans kwa mdomo." Nilimweleza kwa heshima kwamba ni njahi. Moja nikaimeza.

Zilizobaki nimezipanda nyuma ya jikoni.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ndwiga amechungulia uani, akasema eksirei ya jino haiwezi kubadilisha hata sukumawiki. Wivu! Lakini sikupata usingizi wa mchana. Kemikali, basi. Mtaalamu alipozitaja kwa majina nilikuwa uani nikikamua. Nina dawa ya kupe.

Nimefungua kibuyu tena, safari hii nikakimwaga chote. Yale majivu yalinuka jiko la Karambu, ikabidi niketi kwanza. Kisha nikaloweka zote. Ukiloweka nusu, huenda ile moja bora iko katika nusu nyingine.

Jumamosi, 19 Oktoba
Zimeoza. Maganda yanateleza, zinanuka josho la ng'ombe. Nimezipanda hivyo hivyo. Kibuyu nimekijaza majivu mapya na kukirudisha mahali pake.

Jumapili, 20 Oktoba
Kinya amekuja baada ya kanisa. Alikishusha kibuyu, akakitikisa. Kimya. Akakitikisa tena. Ikabidi niseme.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama hata moja haikubaki. Nilizisahau zile za shavuni, nikasema hakuna. Akaketi kwenye kigoda cha mama yake, kibuyu mapajani, akalia. "Baba, hiyo ndiyo kitu mum aliniachia. Si ungeniuliza tu?"

Nikamweleza kuhusu jina, kwamba ningelifikisha kila soko. Alijibu kwamba mama yake akiwa hai nilimwita Mama Kinya, jina lake sikulitaja hata siku moja. Ni kweli. Alipoondoka nililia, huku nikifukuza kuku.

Jumatatu, 28 Oktoba
Za dawa ya kupe, hakuna kitu. Lakini nyuma ya jikoni, pale nilipopanda zile za hospitali, moja imeota! Nyingine kuku wamezichakura. Nimempigia Kinya.

Jumanne, 29 Oktoba
Kinya amefika asubuhi na mapema. Alipiga magoti kwenye tope na nguo zake nzuri, akashika jani kwa vidole viwili, akacheka. Hajacheka hapa tangu mazishi. Alisema ni njahi ya mama yake kabisa, vilevile, haina tofauti hata kidogo.

Niliona aibu. Haijabadilika!

Ameizungushia vijiti. Ameniapisha nisiiguse mpaka ikomae, atoe mbegu. "Please, Baba. Ni hii tu imebaki." Nimeapa kwa jina la Karambu, nikalitaja kwa sauti.

Jumatano, 30 Oktoba
Mtaalamu yuko redioni tena. Kumbe ile dawa ya kubadilisha mimea ndiyo hiyo hiyo tunayomeza wenye jongo! Iko hapa mezani.

Nimesaga kidonge, nikakikoroga na maji. Niliapa kutoigusa, na sitaigusa. Tone ndilo litakaloigusa. Tone moja tu, kwenye ncha ya mche.